Kupanua Mtambo wa Kusafisha Maji Huku Jiji Likiendelea Kunywa

Jengo la ofisi likitaka kupanuliwa, wenyewe huhamishwa mafundi wakafanya kazi yao kwa nafasi. Mtambo wa maji hauna nafasi hiyo. Watu wanakunywa kutoka kwenye tangi lile lile linalobomolewa ukuta, usiku na mchana, na mtoto anayekunywa hana habari kwamba kuna ujenzi. Mwongozo huu ni wa wahandisi, wasimamizi wa mitambo na wajumbe wa bodi za maji ambao kazi hiyo imewaangukia.

Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo. Uwezo wa mtambo ni kiasi cha maji salama unachoweza kutoa siku yake mbaya kuliko zote: mto umechafuka kwa mvua, chujio moja limefungwa lioshwe, na pampu moja iko kwa fundi. Namba iliyoandikwa kwenye kibao cha getini haihesabiki. Kila hatua hapa chini ipimwe kwa siku hiyo.

Hatua ya 1: Jua jiji litataka maji kiasi gani

Chukua jiji la watu 400,000. Likikua kwa asilimia 4 kwa mwaka, baada ya miaka 20 litakuwa na watu kama 876,000. Likikua kwa asilimia 5, watapita 1,060,000. Tofauti ya asilimia moja tu imezaa watu zaidi ya 180,000. Ndiyo maana sikubaliani na mpango wenye namba moja ya miaka 20 ijayo. Weka makadirio matatu, la chini, la kati na la juu, kisha jenga kwa awamu. Vitu vigumu kuongezwa baadaye, kama ardhi, mifereji ya zege na mabomba yanayopita chini ya majengo, viwe na ukubwa wa mwisho wa mpango tangu sasa. Pampu, machujio na vifaa vya kemikali vinunuliwe kadiri mahitaji yanavyopanda.

Ukubwa wa mtambo huwekwa kwa siku yenye matumizi makubwa kuliko zote katika mwaka, wala si kwa wastani. Siku hiyo kwa kawaida huwa kati ya mara 1.2 na mara 2 ya wastani. Mpando wa asubuhi na jioni ni kazi ya matangi ya kuhifadhia mjini.

Angalia mtego mmoja. Kama jiji linapata maji kwa mgawo, kumbukumbu za mtambo haziwezi kukuambia mahitaji. Zinakuambia tu mtambo ulitoa kiasi gani. Watu wanaochota kwa madumu siku za mgao wataongeza matumizi mara bomba litakapoanza kutoa kila siku, na mtambo mpya unaweza kuelemewa mwaka wake wa kwanza. Tafuta mitaa michache inayopata maji muda wote, pima matumizi yake kwa dira, na utumie hayo kama msingi.

Kisha tazama upotevu. Mtambo wa mita za ujazo 40,000 kwa siku, ambao asilimia 40 ya maji yake hupotea njiani, unapoteza mita 16,000. Ukishusha upotevu hadi asilimia 25, umerudisha mita 6,000 kwa siku bila kumwaga zege lolote. Maji hayo tayari yamewekewa dawa na yamesukumwa kwa umeme. Si kila mara kuziba mivujo kutatosha, lakini anayeomba fedha za upanuzi bila kuwa na mpango wa mivujo anaomba fedha za kumwaga ardhini maji mengi zaidi.

Hatua ya 2: Tafuta mahali mtambo unapokabwa

Mtambo ni mlolongo: dakio la maji, chekeche, uchanganyaji wa dawa, matangi ya kugandisha tope, matangi ya kutuamisha, machujio, klorini, tangi la maji safi, pampu za kupeleka mjini. Mlolongo mzima hutoa kile ambacho kiungo chake dhaifu kinaweza kutoa. Mara nyingi sehemu moja au mbili ndizo zinazokaba, na zilizobaki zina nafasi isiyotumika. Kuzitambua hizo mbili kunaweza kugeuza mradi wa kujenga mtambo mpya ukawa mradi wa kurekebisha uliopo.

Anza kwa kumbukumbu za mwaka mmoja au zaidi: mtiririko, kiwango cha tope cha maji ghafi na cha maji yaliyochujwa, dozi za dawa, saa za kila chujio kati ya kuoshwa na kuoshwa. Panga siku zote kutoka nzuri hadi mbaya na usome zile mbaya. Kisha kaa na waendesha mitambo wa zamu ya usiku. Wao ndio wanaojua tangi lipi hufurika na vali ipi haifungi. Hayo huwa hayapo kwenye ripoti yoyote.

Halafu kuna jambo ambalo michoro huficha. Maji yanapoteremka kwa mserereko kutoka tangi moja kwenda jingine hupoteza kimo kidogo kwa msuguano, kona na milango. Kimo hicho hukua kwa mraba wa mtiririko. Ukipandisha mtiririko kwa nusu, kutoka mita za ujazo 40,000 kwa siku hadi 60,000, upotevu wa kimo hauongezeki kwa nusu. Unakuwa mara 2.25. Mahali palipopoteza sentimita 30 sasa panataka karibu sentimita 68. Kama ukingo wa tangi la juu umebaki na sentimita 25 tu, maji yatafurika hata kama tangi lenyewe ni kubwa vya kutosha. Piga mahesabu haya kwa kila bomba na kila mlango kati ya sehemu moja na nyingine kabla ya kununua chochote. Dawa yake mara nyingi ni ndogo, kama bomba la pili kando ya lile la kwanza au mlango mpana zaidi.

Mwisho, jaribu kwa vitendo. Elekeza maji zaidi kwenye tangi moja la kutuamisha na chujio moja, ukipandisha asilimia 10 kwa wakati mmoja huku ukipima tope linalotoka. Kiwango cha tope kikianza kupanda, umefika mwisho wa uwezo wa sehemu hiyo. Fanya jaribio hilo maji ghafi yakiwa mabaya.

Hatua ya 3: Yasome maji ghafi upya

Jiji linapokua, bonde la chanzo nalo hubadilika. Miti hukatwa, mashamba hutiwa mbolea, vyoo na viwanda husogea karibu. Mtambo uliochorwa kwa mto wa miaka 30 iliyopita unapokea mto mwingine. Pima angalau kwa mwaka mzima ili misimu yote ipite: tope, pH (kipimo cha uchachu wa maji), alkali (uwezo wa maji kuhimili uchachu), rangi, mabaki ya mimea yaliyoyeyuka, chuma, manganizi, amonia, mwani, bakteria E. coli.

Mwani usidharauliwe. Agosti 2014, jiji la Toledo, katika jimbo la Ohio, Marekani, liliwaambia watu wapatao nusu milioni wasinywe maji ya bomba kwa siku kadhaa, kwa sababu sumu ya mwani kutoka Ziwa Erie ilipita mtamboni. Mwani ukiwa tatizo la kila mwaka, fikiria kuelea badala ya kutuama: viputo vidogo vya hewa hubeba mabonge mepesi ya uchafu uliogandishwa juu yakakwanguliwa. Mabonge ya mwani hayapendi kuzama, na kuyalazimisha ni kupoteza dawa.

Kama upanuzi unaleta chanzo kipya, pima pia maji hayo yatafanya nini kwenye mabomba ya zamani. Flint, Michigan, ilihamia maji ya mto wake Aprili 2014 bila kuweka dawa ya kuzuia kutu, na risasi, metali yenye sumu, ikatoka kwenye mabomba ikaingia kwenye vikombe vya watu. Weka vipande vya mabomba halisi ya jiji lako, vilivyofukuliwa, uvipitishie maji mapya kwa miezi kadhaa, kisha upime metali zinazotoka.

Hatua ya 4: Kugandisha na kutuamisha

Kabla ya kupanua tangi lolote, fanya jaribio la bika. Bika (vyombo vya maabara) sita za lita moja, kila moja na dozi yake ya shabu, dawa ya kugandisha tope, zikorogwe kwa kasi kwa dakika moja, taratibu kwa dakika 15 hadi 20, ziachwe zitulie nusu saa, kisha pima. Lifanye kwa pH tofauti pia. Shabu hula alkali, kwani kila miligramu moja ya shabu huondoa karibu nusu miligramu ya alkali. Maji laini yakipewa miligramu 40 kwa lita hupoteza kama 20 za alkali, na alkali ikiisha pH hushuka na mabonge hayajengeki. Hapo chokaa itasaidia zaidi kuliko kuongeza shabu. Mitambo mingi inayoonekana kuzidiwa imekosewa dozi tu, au dawa yake inaingia mahali ambapo maji hayachanganyiki.

Matangi ya kutuamisha ya kawaida hubeba takriban mita za ujazo 1 hadi 2 kwa saa kwa kila mita ya mraba ya uso wake. Ukifunga ndani yake bamba au mirija iliyoinamishwa nyuzi 55 hadi 60, tope lina safari fupi ya kuzama kisha linateleza chini, na tangi lile lile laweza kubeba mara mbili au zaidi. Ni mojawapo ya maboresho yenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Sharti lake ni uondoaji wa tope kutoka sakafuni. Maji yakiwa mara mbili tope nalo ni mara mbili, na tangi lenye bamba mpya bila kifaa kipya cha kukwangua litajaa haraka.

Hatua ya 5: Machujio

Hapa usibane matumizi. Cryptosporidium, kimelea kinacholeta kuhara, hakifi kwa dozi za klorini zinazotumika mtamboni. Kinazuiwa na chujio linalofanya kazi vizuri. Mwaka 1993, katika jiji la Milwaukee, Marekani, watu wapatao 403,000 waliugua baada ya kimelea hicho kupita kwenye mtambo mmoja wa jiji ambao maji yake yalikuwa ndani ya viwango vya kisheria vya wakati ule. Leo Marekani inataka maji yaliyochujwa yawe na tope lisilozidi 0.3 NTU (kizio cha kupimia ukungu wa maji) katika asilimia 95 ya vipimo vya mwezi. Shirika la Afya Duniani linasema mitambo mikubwa inaweza kukaa chini ya 0.5 muda wote. Ushauri wangu ni kulenga 0.1, na kulenga kwa kila chujio peke yake. Kipimo cha maji yaliyochanganyika huficha chujio moja bovu ndani ya wema wa matano mazuri.

Tuseme una machujio sita ya mita za mraba 50 kila moja, na mtambo unatoa mita za ujazo 40,000 kwa siku. Kila mita ya mraba ya chujio inapitisha mita za ujazo 5.6 kwa saa. Ukienda 60,000, na moja likiwa linaoshwa, yaliyobaki yatapitisha mita za ujazo 10 kwa saa kwa kila mita ya mraba. Mchanga mtupu utaziba haraka kwa kasi hiyo. Tabaka mbili zinaweza: juu makaa ya anthrasaiti yenye chembe za karibu milimita 1, chini mchanga wa karibu nusu milimita. Uchafu huingia ndani kwenye makaa badala ya kujenga ngozi juu ya mchanga. Kubadilisha tabaka kunagharimu sehemu ndogo sana ya kujenga machujio mapya.

Lakini kwanza chunguza chujio lilivyo. Lifungue, tembea juu yake, chimba. Tafuta madonge ya tope, nyufa kando ya kuta, mahali palipobonyea. Pima kina cha mchanga, maana mwingi huwa umekwenda na maji ya kuoshea. Ukikuta mchanga kwenye tangi la maji safi, sakafu ya chujio imevunjika chini, na tabaka jipya juu yake ni fedha iliyotupwa.

Kuosha ndiko kunakoamua umri wa chujio. Maji ya kuoshea yanayopanda kutoka chini yainue mchanga kiasi cha asilimia 20 hadi 30 ya kina chake. Maji ya vuguvugu ni mepesi kupenya kuliko ya baridi, kwa hiyo palipo na joto kasi ya kuosha inatakiwa iwe kubwa zaidi, na pampu iliyochaguliwa kwa majedwali ya nchi za baridi itakuwa dhaifu. Ongeza hewa ya kukoroga kabla ya maji, itayavunja madonge.

Chujio likishaoshwa, maji yake ya dakika 15 hadi 30 za mwanzo huwa machafu kuliko kawaida. Machujio mengi ya zamani hayana bomba la kuyamwaga, yakaingia moja kwa moja kwenye maji ya kunywa. Weka bomba hilo sasa. Pia, chujio moja kati ya sita linapofungwa, mengine matano hurukiwa na asilimia 20 ya ziada, na ruko hilo hung'oa uchafu uliokwisha kushikwa. Vali zifunge polepole, kwa dakika kadhaa.

Geuza chujio moja kwanza. Liendeshe msimu mzima wa mvua kando ya yale ya zamani, linganisha, ndipo ugeuze mengine.

Hatua ya 6: Klorini na muda wake

Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.5 kwa lita ya klorini huru (ile iliyobaki bila kutumika) baada ya dakika 30, pH ikiwa chini ya 8, na angalau 0.2 bombani kwa mlaji. Hizo dakika 30 ndizo upanuzi unazokula. Tangi la mita za ujazo 2,500 linapopokea mita 2,500 kwa saa huonekana kutoa dakika 60. Lakini tangi lisilo na kuta za ndani lina njia ya mkato, na maji ya mbele kabisa hupita kwa karibu moja ya kumi ya muda huo, yaani dakika 6. Kuta za kuyazungusha maji huku na huku zinaweza kurudisha dakika 30 hadi 40. Ni kuta tu. Piga hesabu hiyo kwa kina cha chini cha tangi, kile cha saa ambazo jiji linavuta zaidi.

Klorini ikikutana na mabaki ya mimea huzaa kemikali zisizotakiwa, kama klorofomu. Zipunguze kwa kuyaondoa mabaki hayo kabla, kwenye kugandisha na kuchuja. Usizipunguze kwa kukata klorini, kwa sababu kipindupindu huua mapema kuliko klorofomu. Pale hatari ya Cryptosporidium ilipo kubwa, ongeza mionzi ya urujuanimno. Miongozo ya Marekani inahesabu kuwa milijuli 12 kwa sentimita ya mraba inatosha kudhoofisha asilimia 99.9 ya vimelea hivyo. Mionzi haiachi kinga yoyote bombani, kwa hiyo klorini inabaki.

Kama mnatumia klorini ya gesi na nyumba zimeshasogea hadi kwenye uzio, huu ndio wakati wa kuamua. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini. Kutengeneza klorini ya maji hapo hapo kwa chumvi na umeme kunaondoa hatari hiyo, kwa takriban kilo 3 hadi 3.5 za chumvi kwa kilo moja ya klorini. Kwa mtambo uliozungukwa na makazi, mimi ningebadilisha.

Hatua ya 7: Tope, ghala na umeme

Maji ya kuoshea machujio yakirudishwa mwanzo wa mtambo, yarudi kidogo kidogo, yasizidi asilimia 10 ya mtiririko, na yatulizwe kwanza, kwani yamebeba vimelea vilivyokwisha kukamatwa. Ghala la shabu lipimwe kwa dozi ya mvua: miligramu 80 kwa lita kwa mita za ujazo 60,000 ni tani 4.8 kwa siku. Jenereta iendeshe mtambo wote kwa kiwango cha dharura, siyo taa za ofisi tu.

Hatua ya 8: Kujenga bila kukata maji

Jenga sehemu mpya kando, uzijaribu, ndipo uziunganishe. Hatari yote iko kwenye saa za kuunganisha.

Kila vali itakayofungwa siku ya kuunganisha ifungwe kwa jaribio miezi mitatu kabla. Vali za zamani hukataa kufunga, au hufunga zisifunguke tena, na saa nane ya usiku si wakati wa kuligundua hilo. Fukua mabomba kwa mikono uthibitishe yalipo, maana michoro ya zamani husema uongo. Usimwage tangi la chini ya ardhi bila kupima maji ya ardhini: tangi tupu laweza kuinuliwa na maji hayo likapasuka. Funika machujio yaliyo karibu na vumbi la ujenzi.

Kwa kila unganisho andika ukurasa mmoja: nani anafanya nini, saa ngapi, na ni saa ipi ambayo, kama kazi haijafika hapa, tunarudisha kila kitu kilivyokuwa. Saa hiyo ya kurudi nyuma iheshimiwe hata mkandarasi akiomba dakika 20 zaidi. Chagua usiku wa msimu wenye matumizi madogo, jaza matangi ya mjini, waarifu hospitali na wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine. Jiji likikosa msukumo bombani, maji machafu ya ardhini huingia kupitia kila mvujo, na kurudisha maji baadaye hakutoshi. Lazima kusafisha mabomba na kupima.

Hatua ya 9: Kuwasha na kupokea kazi

Matangi mapya yajazwe na kuachwa kwanza kuona kama yanavuja, kisha yatiwe dawa: klorini iwe bado miligramu 10 kwa lita au zaidi baada ya saa 24. Maji hayo yasimwagwe mtoni kabla ya kuondolewa klorini. Sampuli mbili mfululizo zisizo na bakteria ndizo ruhusa ya kuanza.

Pandisha mtiririko kwenda mjini kwa wiki kadhaa. Mabomba ya zamani yana mashapo ya miaka mingi, na maji yakipita kwa kasi mpya au kwa mwelekeo mpya huyatibua, wateja wakaona maji mekundu kutoka kwenye mtambo bora kuliko wote waliowahi kuwa nao. Osha mabomba makuu mapema.

Waendesha mitambo waanze kuendesha sehemu mpya tangu siku ya majaribio, mafundi wa mkandarasi wakiwa bado wapo. Mkataba useme kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya mtambo kuendeshwa kwa mtiririko kamili katika msimu wa mvua, chujio moja likiwa limefungwa na pampu moja imezimwa, kila chujio likitoa tope ndani ya kiwango kilichoandikwa. Mkandarasi atasema msimu huo uko mbali. Msubirini.